Rimu Zikihamia Pikapu Nyingine, Taa ya Upepo Hukataa

Kihisi cha upepo wa tairi ni kifaa kidogo chenye betri, kipima presha na redio, kinachofungwa ndani ya rimu kwenye shina la valvu. Tairi likishajazwa, kifaa hicho hupima upepo na joto lililomo, kisha hurusha taarifa kwenye kompyuta ya gari, nayo ndiyo inayoamua kama taa ya njano iwake kwenye dashibodi au isiwake. Mafundi hukiita sensa. Rimu zikibaki kwenye gari lilelile, mwenye gari anaweza kumaliza miaka bila kujua kama kipo. Usumbufu huanza rimu za pikapu moja zinapofungwa kwenye pikapu nyingine. Upepo uko sawasawa, nati zimekazwa, gari halivuti upande wowote, lakini taa imewaka na haizimiki.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwasumbua watu wa Gwata mkoani Pwani, iwe ile ya Kibaha au ile ya Kisarawe. Pikapu za kazi zilizozoeleka katika vijiji vya Mkoa wa Pwani ni Hilux za zamani, Land Cruiser na Hardbody, magari ambayo kwa kawaida hayakutoka kiwandani na vihisi. Dereva alipiga tairi teke, akasikiliza mlio, akaendelea na safari. Sasa zinaingia Ranger za miaka ya karibuni, Hilux zilizonunuliwa mitumba kutoka Thailand, Japani na Dubai, na pikapu za miradi zinazouzwa kwa mnada zikiwa bado na vifaa vyake vyote. Sababu za kuhamisha rimu nazo hazikosekani. Huyu amenunua rimu za aloi za gari lililopata ajali, yule anataka tairi za matope kwa ajili ya masika na tairi za lami kwa safari za Dar es Salaam, na mwingine ana pikapu mbili, moja imekufa injini na tairi zake bado nzima.

Kihisi chenyewe kina historia inayohusu magari ya aina hii hasa. Porsche 959 ililetwa sokoni mwaka 1986 ikiwa na mfumo wa kuangalia upepo, lakini hilo lilikuwa gari la matajiri wachache. Kilichosambaza kifaa hiki duniani ni vifo. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone kwenye magari yake ya Explorer huko Saudi Arabia, ambako joto, mwendo mkali na upepo mdogo vilikuwa vinayachana vipande vipande. Agosti 2000 Firestone iliyaita kiwandani matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, na waliokufa katika ajali zilizohusishwa na matairi hayo walizidi 200. Explorer ya wakati huo ilikuwa imejengwa juu ya misingi ya pikapu ya Ranger ya Marekani. Ford ilishauri psi 26, Firestone ilitaka 30, na kampuni hizo mbili zililaumiana hadharani kwa tofauti hiyo ya psi 4.

Sheria iliyotokana na mgogoro huo ilitiwa saini Novemba 2000. Kufikia Septemba 2007 kila gari jipya jepesi lililouzwa Marekani, pikapu zikiwemo, lililazimika kuwa na mfumo unaomtahadharisha dereva upepo unaposhuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa na kiwanda. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2014, lakini kwa magari ya abiria tu. Magari ya mizigo, ambako pikapu nyingi huhesabiwa, yalisubiri hadi kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 na 2024. Hapo ndipo penye asili ya mkanganyiko unaoonekana leo kwenye gereji. Pikapu mbili za jina moja, umbo moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, moja ikawa na vihisi na nyingine isiwe navyo kabisa, kwa sababu tu zilitengenezwa kwa ajili ya masoko tofauti.

Kabla ya redio, hata hivyo, kuna chuma. Haisaidii kujua masafa ya kihisi cha rimu ambayo haiingii kwenye gari. Hilux ya 4x4 ina boliti 6 kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, na Ranger iliyoanza kutengenezwa mwaka 2011, D-Max na L200 nazo zina mpangilio huohuo. Wauzaji wengi huishia hapo na kusema "zote ni moja". Si moja. Tundu la katikati la rimu ya Hilux ni milimita 106, la D-Max ya kizazi cha 2012 ni kama 100, la Ranger ni 93.1, na la L200 ni 67.1. Rimu ya Ranger haiwezi kukaa kwenye habu ya Hilux bila kuchongwa. Rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger, lakini itaacha nafasi ya zaidi ya milimita 6 kila upande, hivyo uzito utabebwa na boliti peke yake badala ya habu. Nafasi hiyo huzibwa kwa pete maalumu. Bila pete, mtetemo kwenye usukani huanza gari likishafika kwenye lami ya Barabara ya Morogoro na kuongeza mwendo.

Navara ya Nissan iko peke yake, boliti 6 kwenye milimita 114.3, ingawa Hardbody ya 4x4 ya kabla yake ilitumia 139.7. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilikuwa na boliti 6 hadi mwaka 1999, kisha ikahamia boliti 5 kwenye milimita 150. Nyuzi za boliti nazo zinatofautiana. Hilux, Ranger na D-Max hutumia milimita 12 kwa 1.5, Nissan 12 kwa 1.25, na Land Cruiser ya boliti 5 hutumia milimita 14. Nati ya Hilux hushika nyuzi chache za mwanzo kwenye boliti ya Nissan, na fundi mwenye spana ndefu anaweza kuilazimisha hadi ikakaza. Hiyo ndiyo nati inayong'oka njiani. Halafu kuna ukaaji wa nati kwenye rimu. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota huhitaji nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa, wakati rimu za chuma huhitaji nati zenye mdomo wa pia. Anayenunua rimu bila nati zake amenunua nusu ya mali.

Tundu la valvu nalo huamua kama kihisi kitafungika. Rimu nyingi za tairi zisizo na tyubu zina tundu la valvu lenye kipenyo cha milimita 11 na kitu, na vihisi vilitengenezwa kwa ukubwa huo. Rimu nyingi za chuma za zamani, zilizokusudiwa tairi za tyubu za pikapu na malori madogo, zina tundu la karibu milimita 16. Kihisi cha kawaida kikifungwa humo, mpira wake hauwezi kuziba, na upepo utatoka polepole usiku kucha. Ndiyo maana mpango wa kung'oa vihisi kwenye rimu za aloi ili kuvihamishia kwenye rimu za chuma za shambani mara nyingi hukwama siku ya kwanza.

Chuma kikishakubali, ndipo redio inapopata nafasi yake, na redio ina masharti matatu ambayo yote lazima yatimie. La kwanza ni masafa. Pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, na magari ya soko la ndani la Japani, kwa kawaida hutumia megahezi 315, wakati zile za Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia 433.92. Kipokezi cha 433 hakisikii kabisa kihisi cha 315, hata viwekwe sentimita mbili kutoka kimoja hadi kingine. Namba ya kifaa huandikwa kwenye mgongo wake. Kihisi cha Toyota chenye maandishi PMV-107J, kwa mfano, ni cha 315, kwa hiyo rimu zilizotolewa kwenye Tacoma ya Marekani zikiwa nacho hazitaongea na gari la 433, hata kama boliti zimeingia bila shida.

Sharti la pili ni lugha. Ford na Toyota zinaweza zote kutumia 433 na bado zisielewane, kwa sababu kila kiwanda hupanga ujumbe wake kwa namna yake: namba ya kihisi inaanzia wapi, presha inaandikwaje, joto linawekwa wapi, na hesabu ya mwisho ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika inafanywaje. Kompyuta ya Ranger ikipokea ujumbe wa kihisi cha Hilux huutupa kama kelele. Hata ndani ya kampuni moja vizazi hutofautiana, na duka linalouza "sensa ya Toyota" bila kuuliza mwaka na asili ya gari linabahatisha.

Sharti la tatu ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu hutokea hata pale ambapo mawili ya kwanza yametimia. Kila kihisi kina namba yake ya utambulisho, kwa kawaida tarakimu na herufi 8, na michanganyiko inayowezekana ni zaidi ya bilioni 4. Kompyuta ya gari huhifadhi namba 4, au 5 kama tairi la spea nalo lina kihisi, na haisikilizi kihisi kingine. Pasipo utaratibu huo, pikapu zilizopangana stendi ya Mlandizi zingekuwa zinasomeana tairi. Kwa hiyo mwenye Ranger mbili za mwaka mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja cha Silverton kule Pretoria, akibadilishana rimu zote 4, bado atawasha taa kwenye magari yote mawili. Vihisi vinatuma na vipokezi vinasikia, lakini kila kompyuta inaendelea kusubiri namba za rimu zilizoondoka.

Tiba ni kuifundisha kompyuta namba mpya, na hapa viwanda vimegawanyika. Kwenye magari mengine kompyuta hujifunza yenyewe gari likiendeshwa dakika 10 hadi 20 mfululizo, kwa sababu vihisi hulala gari likisimama na huamka magurudumu yakishaanza kuzunguka kwa kasi. Kwenye Ford nyingi mtu huiingiza kompyuta katika hali ya kujifunza kwa kufuata mpangilio maalumu wa swichi na pedali ya breki. Honi hulia mara moja, kisha kifaa cha mkononi cha kuamshia vihisi husogezwa karibu na valvu ya gurudumu la mbele kushoto, halafu mbele kulia, nyuma kulia, na kumalizia nyuma kushoto. Kila gurudumu likipokelewa honi hulia tena. Akichelewa zaidi ya dakika 2 kati ya gurudumu na gurudumu, anaanza upya. Magurudumu mengine yenye vihisi yasirundikwe karibu wakati huo, maana kompyuta inaweza kushika namba ya gurudumu lililoegemezwa ukutani.

Toyota nyingi hazina njia hiyo. Namba zote huingizwa kwa mashine ya uchunguzi kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Kitufe cha kuseti upepo kilichopo kwenye baadhi ya Toyota kimewapotosha madereva wengi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba presha iliyopo sasa ndiyo sahihi. Hakifundishi namba mpya hata kikibonyezwa mchana kutwa. Baadhi ya magari ya kampuni hiyo yanaweza kuhifadhi seti mbili za namba, ya kwanza na ya pili, na dereva akachagua ipi itumike. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya nchi zenye tairi za theluji, lakini ungemfaa vilevile mtu mwenye seti ya masika na seti ya kiangazi.

Taa yenyewe husema mengi kwa anayeiangalia tangu swichi inapofunguliwa. Alama ni tairi lililokatwa katikati, lenye alama ya mshangao ndani yake. Ikiwaka moja kwa moja na kubaki, mfumo ni mzima na kuna tairi lenye upepo mdogo. Ikimetameta kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo kisha ikabaki imewaka, kompyuta inalalamika kwamba haisikii kihisi kimoja au vyote. Baada ya kubadilisha rimu, hali ya pili ndiyo inayotarajiwa. Hatari yake ni kwamba taa iliyokwisha kuwaka haina namna ya kuwaka tena. Tairi likianza kupungua kweli kwenye barabara ya vumbi kati ya Mlandizi na Mzenga, dereva aliyezoea taa ile hatapata onyo lingine.

Kuna kosa la aina nyingine linalotokea hata kwenye gari lililofundishwa vizuri. Pikapu za mizigo mara nyingi hutakiwa kuwa na upepo mwingi zaidi nyuma kuliko mbele. Kiwango cha kuonya hukaa kwenye kompyuta, hakikai kwenye kihisi. Fundi akihamisha tairi za nyuma kuja mbele bila kuijulisha kompyuta nafasi mpya, gari linaweza kulilinganisha tairi la mbele na kiwango cha nyuma, likaonya bure, au likanyamazia tairi la nyuma ambalo limeshuka chini ya kinachohitajika kubeba magunia ya mahindi yaliyopo juu yake.

Mahali vihisi vingi vinapofia ni kwa fundi pancha, na ni haki kusema kwamba kosa si lake peke yake. Fundi wa kando ya barabara ana mitalimbo miwili, nyundo, ndoo ya maji na kompresa. Hulaza gurudumu chini, hutoa upepo, hukanyaga ukingo wa tairi hadi uachane na rimu, kisha huingiza mtalimbo. Hajui kwamba nyuma ya valvu kuna kijisanduku cha plastiki, na hakuna aliyemwambia. Mtalimbo ukiingia karibu na valvu, kijisanduku huvunjika kwa pigo moja. Dereva anayejua gari lake lina vihisi husema mapema, na fundi huanza kuachanisha ukingo mbali na valvu. Valvu ya chuma yenye nati kwa nje ni dalili kwamba kihisi kipo, ingawa vipo pia vinavyofungwa kwa valvu ya mpira isiyotofautiana sana na ya kawaida.

Nati hiyo ya valvu hukazwa kidogo mno, kati ya nyutoni-mita 4 na 8 kwa vifaa vingi, kiasi ambacho mkono wenye spana fupi hukifikia bila kutumia nguvu. Ikikazwa kama nati ya gurudumu, shina la aluminiamu hukatika. Ndani ya shina hilo sindano ya valvu inapaswa kuwa ile iliyopakwa nikeli. Sindano ya shaba ya kawaida, iliyotolewa kwenye kopo la fundi, hushikana na aluminiamu kwa kutu baada ya muda, na siku ya kuitoa hutoka pamoja na shina. Kifuniko cha shaba kina tabia hiyohiyo, kwa hiyo kile cha plastiki, cha bei ndogo kuliko vyote, ndicho kinachofaa. Kila tairi linapofunguliwa, raba ya kuzibia kwenye shina hubadilishwa, maana ikishaminywa mara moja haizibi tena kama mpya. Dawa ya maji ya kuzibia pancha, inayosukumwa kupitia valvu, nayo inaweza kuziba kijitundu ambacho kihisi hutumia kupimia.

Halafu kuna tyubu. Tairi lisilo na tyubu likipasuka ubavuni au rimu ikipinda kwa shimo, suluhisho la kijijini ni kuweka tyubu ndani na kuendelea na kazi. Valvu ya tyubu hupita kwenye tundu lilelile ambalo kihisi kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo kihisi lazima kitoke. Kikibaki ndani kikielea, kitaitoboa tyubu kabla gari halijafika mbali. Kinachofuata ni kihisi kizima kuishia kwenye droo au kupotea, na taa kuwaka. Mwenye gari anayetegemea kurudishia tairi zima baadaye afadhali akitunze mahali pakavu, pamoja na nati yake.

Hata kihisi kilichotunzwa vizuri kina mwisho wake. Betri ya lithiamu imefungiwa ndani kwa gundi ngumu na haibadilishwi kwa njia ya kawaida. Huishi kati ya miaka 5 na 10, ikitegemea gari linatembea kiasi gani. Hesabu hiyo inamhusu moja kwa moja mnunuzi wa mitumba. Rimu zilizotoka kwenye gari la mwaka 2014 zikiwa na vihisi vya kiwandani zinauzwa na vifaa ambavyo vingi vimekufa au vinaelekea kufa, na muuzaji anayeongeza bei kwa sababu "zina sensa" anauza hewa. Tarakimu 4 za mwisho za namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, zinazotaja wiki na mwaka, huonyesha umri wa tairi tu, wala si wa kihisi. Njia ya uhakika ni kuviamsha kwa kifaa cha mkononi kabla ya kulipa. Kifaa hicho husoma namba, masafa, presha na, kwa aina nyingi, hali ya betri.

Vihisi vikiwa vimekufa, au rimu zikiwa ni za kampuni nyingine kabisa, njia inayomaliza tatizo ni vihisi vya kuprogramu. Autel na Schrader hutengeneza vihisi vinavyotoka dukani vikiwa havina lugha. Fundi huchagua aina ya gari na mwaka kwenye mashine, na kihisi huandikiwa masafa na lugha inayotakiwa. Vilevile kinaweza kunakiliwa namba ya kihisi cha zamani. Hiyo ndiyo njia rahisi kwa mwenye gari moja na seti mbili za rimu. Seti ya pili hupewa namba zilezile za seti ya kwanza, na kompyuta haijui kama kitu kimebadilika. Sharti ni seti mbili zenye namba moja zisitembee karibu karibu, kwa mfano moja ikiwa imefungwa kwenye gari na nyingine imepakiwa nyuma.

Kuna ujanja mwingine unaojulikana na mafundi duniani kote, wa kuvifungia vihisi 4 ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo na kulificha ndani ya gari. Taa huzimika. Kompyuta husoma bomba na kuridhika, huku tairi zenyewe zikiwa hazina anayeziangalia. Afadhali taa inayowaka kuliko ujanja huo.

Upande wa pili wa biashara hii ni pikapu isiyokuwa na mfumo kabisa kupokea rimu zenye vihisi, na katika Gwata hiyo ndiyo hali itakayotokea mara nyingi zaidi. Hapo hakuna taa itakayowaka wala kompyuta itakayolalamika. Kihisi huendelea kutuma ujumbe usiopokelewa na mtu hadi betri iishe, na valvu yake hufanya kazi kama valvu nyingine yoyote. Hakuna sababu ya kukitoa mpaka siku tairi linapofunguliwa, na siku hiyo kuweka valvu ya mpira ya kawaida ni uamuzi wa busara, kwa kuwa fundi pancha yeyote anaielewa.

Mwenye pikapu kama hiyo anayetaka kuangalia upepo akiwa anaendesha ana njia ya kofia za valvu. Ni vihisi vidogo vinavyosokotwa nje ya valvu mahali pa kifuniko, na kioo kidogo cha kuonyeshea, mara nyingi chenye paneli ya jua, huwekwa kwenye dashibodi. Havijali gari ni la nani, havijali rimu, vinafanya kazi hata kwenye tairi la tyubu, na betri yake hubadilishwa kwa mkono. Rimu zikihamia gari jingine, kofia hufunguliwa na kubaki na mwenyewe. Ubaya wake uko wazi kwa yeyote anayeegesha gari mitaani, maana huibwa kwa sekunde chache. Uzito wake pia huyumbisha shina la mpira gari likienda kasi, hivyo shina la chuma hufaa zaidi, na kwenye vichaka tawi moja linaweza kuing'oa kofia na kuliacha tairi likivuja. Kwa kazi ya shambani iliyochanganyika na safari za mjini, hata hivyo, kofia hizo ndizo zenye usumbufu mdogo kuliko njia zote.

Ipo mifumo isiyotumia kihisi ndani ya tairi hata kidogo. Hiyo husoma kasi ya kila gurudumu kupitia vifaa vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kompyuta hugundua tofauti. Gari la aina hii hupokea rimu yoyote inayoingia, mradi zote 4 zina tairi za ukubwa mmoja na dereva anabonyeza kitufe cha kuseti upya baada ya kujaza upepo. Tairi moja la kipimo tofauti, lililofungwa kwa dharura, huonekana kwake kama tairi lenye kasoro.

Tairi la spea husahaulika katika mahesabu yote haya. Pikapu nyingi zenye vihisi zina spea ya ukubwa kamili isiyo na kihisi, kwa hiyo pancha ya kwanza njiani huwasha taa ya kumetameta hata kama hakuna aliyehamisha rimu. Na mwenye kuhamisha seti nzima asiache spea ya zamani nyuma. Ranger iliyovalishwa rimu za Hilux kwa msaada wa pete na nati nyingine, ikapata pancha usiku, itahitaji nati za zamani kwa ajili ya spea yake. Nati hizo zikae kwenye mfuko mmoja na jeki.

Mwisho ni upepo wenyewe. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja presha kwa tairi za kipimo cha kiwandani, na mara nyingi kina safu mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Tairi zikiwa za kipimo kingine, namba hizo si za kufuatwa bila kufikiri, na muuza tairi anayejua kazi yake huangalia uwezo wa kubeba ulioandikwa ubavuni. Geji nyingine husoma psi, nyingine kilopaskali, nyingine bar. Psi 35 ni kama kilopaskali 240, au bar 2.4, na dashibodi ya gari lililotoka soko jingine inaweza kuonyesha kipimo ambacho geji ya fundi haina. Presha hupanda kwa karibu psi 2 kila joto la tairi linapopanda nyuzi 10, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa saa nane mchana baada ya safari hakilingani na cha asubuhi. Kompyuta inafundishwa tairi zikiwa baridi na zimejazwa kwa kiwango, magurudumu yote 4, na spea ikijazwa siku hiyohiyo.